Barua ya wazi kwa wanaotunza kazi za Jackie Ormes: tuonyesheni rangi, andikeni jina

Kwa wakuu wa maktaba, makumbusho ya wanasesere na hifadhi za magazeti huko Marekani,

Waheshimiwa,

Jackie Ormes, mwanamke mweusi aliyechora katuni za magazeti Marekani, tuzo ameshapewa za kutosha. Mwaka 2014 chama cha kitaifa cha waandishi wa habari weusi kilimwingiza kwenye orodha yake ya heshima. Mwaka 2018 watu wa katuni nao wakamwingiza kwenye ile yenye jina la mchoraji mwenzao Will Eisner. Tarehe 1 Septemba 2020 Google wakaweka mchoro wa kumkumbuka kwenye ukurasa wao wa kwanza. Mwenyewe alifariki Chicago Desemba 1985, kwa hiyo hakuona hata moja kati ya hizo. Sigombani na waliotoa. Kinachonisumbua ni kwamba jina la Jackie Ormes siku hizi linatajwa kila Februari, mwezi wa historia ya weusi, inapofika, lakini kazi yake mtu huipata kwa kubahatisha. Picha zilezile chache ndizo zinazozunguka, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, na watoto wetu wanaambiwa alikuwa mkubwa bila kuonyeshwa ukubwa wenyewe.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wenu. Kurasa zake za katuni za rangi zipigwe picha kutoka kwenye karatasi halisi, na Patty-Jo, mwanasesere aliyetokana na katuni yake, aandikwe jina la aliyembuni. Nakala ya Kiingereza nimeituma kwenye anwani za ofisi zenu. Hii ya Kiswahili nawaandikia pia wenzangu tunaolea watoto hapa Chicago na kwingineko, ili siku wakiwapeleka makumbusho wajue la kuuliza pale mlangoni.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Zelda Mavin Jackson, tarehe 1 Agosti 1911, Pittsburgh, akakulia Monongahela, mji mdogo wa jimbo hilohilo la Pennsylvania. Hilo "Jackie" limetoka kwenye Jackson. Baba yake alikuwa na kiwanda cha uchapaji na nyumba ya sinema, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1917 binti akiwa bado mdogo. Akiwa sekondari Jackie alimwandikia barua Robert Vann, mhariri wa Pittsburgh Courier, gazeti la kila wiki la Wamarekani weusi, akiomba kuandika. Vann akamtuma akaripoti pambano la ngumi. Msichana wa shule, ulingoni, miaka hiyo! Alipomaliza masomo mwaka 1930 gazeti lilimchukua, akaanza kama msahihishaji wa prufu.

Mei 1937 alianza katuni yake ya kwanza humo, *Torchy Brown in Dixie to Harlem*. Ni habari ya binti wa shamba kutoka Mississippi anayekwenda New York kutafuta maisha ya jukwaani. Kwenye kituo cha treni Torchy anakuta vibao viwili, cha weupe upande mmoja na cha weusi upande mwingine, naye anajifanya hajui kusoma, anakwenda upande anaoutaka. Wasomaji walicheka, na waliokuwa wakisafiri Kusini mwa Marekani walielewa vizuri mno wanachekea nini. Katuni hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Mwaka 1942 Jackie na mumewe Earl walikuwa wameshahamia Chicago, na mwaka 1945, baada ya miezi michache ya kuchora kibonzo cha mtumishi wa ndani aitwaye *Candy* kwenye Chicago Defender, gazeti jingine la weusi, alirudi Courier na kitu ambacho mimi nakiona ndiyo kazi kubwa ya maisha yake.

*Patty-Jo 'n' Ginger* ilikuwa fremu moja kwa wiki, kuanzia Septemba 1945 hadi 1956, miaka kumi na moja. Ndani yake wamo dada wawili. Ginger ni mkubwa, mrembo, kavaa vizuri kila siku, na hasemi neno hata moja kwa miaka yote hiyo. Patty-Jo ni mtoto wa umri wa kuanza shule, na ndiye msemaji. Anasema yale ambayo mtu mzima angeyasema miaka ile angefukuzwa kazi au kufanywa jambo baya zaidi. Kamati za bunge zilipokuwa zikiwasaka watu "wasio Wamarekani wa kweli", Patty-Jo alitaka kujua ni kamati ipi hasa iliyoamua kwamba kuwa mweusi ni kukosa Umarekani.

Kipo kibonzo kimoja ambacho kila mwenye nafasi anapaswa kukitazama polepole. Agosti 1955 kijana wa miaka 14, Emmett Till, aliyetoka hapahapa Chicago kwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, aliuawa kwa kudaiwa kumpigia mluzi mwanamke mzungu. Septemba baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likawaachia huru washitakiwa. Tarehe 8 Oktoba Patty-Jo anatokea mbele ya dada yake na kumwambia kwamba hapendi kuonekana mwepesi wa kuudhika juu ya jambo hilo, lakini lile birika jipya jeupe limempigia mluzi. Basi. Hakuna jina la marehemu, hakuna jaji, hakuna damu. Birika tu. Mtoto angesoma angeona kichekesho cha jikoni. Mama yake, akichungulia begani pake, angekaa chini.

Courier halikuwa gazeti dogo. Mwaka 1947 lilikuwa likiuza zaidi ya nakala 350,000 kwa wiki, na wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ndio waliosaidia kulifikisha Kusini kwa treni, maana kuna miji ambako kukutwa nalo ilikuwa balaa. Nakala moja ilipita mikono mingi, kwa ndugu, kwa jirani, kwa kinyozi. Mchoraji aliyesomwa kiasi hicho alipaswa kuwa maarufu kama wenzake wa magazeti ya wazungu, lakini magazeti hayo hayakumchukua. Ilibidi ifike 1991 ndipo katuni za mwanamke mweusi, Barbara Brandon-Croft, zikasambazwa kitaifa kwenye magazeti makubwa ya kawaida. Waliomfuatilia Jackie kwa makini zaidi, nje ya wasomaji wake, ni FBI, wapelelezi wa serikali. Faili lake, kuanzia 1948 hadi 1958, lina kurasa 287. Serikali ilijua kutunza karatasi ilipotaka.

Sasa nije kwenye mwanasesere, maana hapo ndipo barua hii ilipoanzia.

Mwaka 1947 Jackie aliingia mkataba na kampuni ya wanasesere ya Terri Lee ya Lincoln, Nebraska, na kufikia Krismasi ya mwaka huo Patty-Jo alikuwa madukani. Kumbukeni nini kilikuwa kwenye rafu wakati huo. Wanasesere weusi walioenea walikuwa ama mayaya wanene wenye vitambaa kichwani, ama watoto wa vichekesho wenye nywele zilizosimama na midomo mipana. Jackie hakuwa wa kwanza kukataa hali hiyo. Mchungaji Richard Henry Boyd wa Nashville alishakuwa na kampuni ya wanasesere weusi wenye heshima mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini Patty-Jo alikuja na kabati zima la nguo za kifahari, nywele za kuosha, kuchana na kusuka, na juu ya hayo alikuwa mtu anayejulikana. Mtoto aliyempata alikuwa ameshamsikia akiongea gazetini wiki baada ya wiki. Mwanasesere wa kawaida unampa maneno wewe. Huyu alikuja na yake.

Mwaka huohuo wa 1947 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark walichapisha utafiti wao kuhusu watoto weusi 253 walioonyeshwa wanasesere weupe na wa rangi ya kahawia, na wengi wakasema wangependa kucheza na yule mweupe. Ushahidi wa namna hiyo ulikuja kutajwa kwenye hukumu ya 1954 ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyopiga marufuku ubaguzi mashuleni. Vitabu vya historia vinausimulia utafiti huo kila mara. Mwanamke ambaye mwaka uleule alikuwa na brashi mkononi akitengeneza jibu la dukani hatajwi kwenye ukurasa huo, wala tanbihini.

Nasema brashi kwa sababu. Umbo la Patty-Jo lilikuwa lilelile la wanasesere wengine wa Terri Lee, lilitoka kwenye kalibu ileile. Macho yao hayakuwa ya kioo, yalipakwa. Kwa hiyo sura yote, yaani nyusi zimekaa wapi, jicho linatazama nani, mdomo umebana kicheko au umenuna, ilikuwa kazi ya rangi, na mtoto wa kufuatwa alikuwa yule wa katuni ya Jackie. Mkataba ulikwisha Desemba 1949. Miaka miwili tu, na wanasesere wenyewe walikuwa ghali, ndiyo maana leo ni wachache na wakusanyaji wanagombania.

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu liko upande wa kusini wa jiji hili, mtaa aliouishi Jackie si mbali. Mteja mmoja aliniletea gauni la mwanasesere wa zamani nimrekebishie pindo, akanionyesha na mwanasesere mwenyewe. Siku za mbele nikaenda kumtafuta mwingine kama huyo kwenye maonyesho, ambayo sitayataja. Nilimkuta kwenye kabati la kioo. Kibandiko kilisema jina la kampuni, mwaka, aina ya plastiki, na neno "mweusi". Mbunifu hakuwemo. Nimezoea hilo kidogo, maana hata pindoni mwa kanga tunasoma methali na jina la mfanyabiashara, aliyechora maua hayupo. Lakini kanga haijatundikwa kwenye kioo na mtu aliyelipwa mshahara ili ajue nani kaichora.

Naomba mbadilishe vibandiko hivyo. Ni kazi ya alasiri moja. Iandikwe: Patty-Jo, kutoka katuni ya Jackie Ormes, aliyembuni. Na pembeni yake, hata kama ni nakala, kiwekwe kibonzo kimoja, mtoto aone kwamba huyu mdogo anaongea. Kwenye katalogi zenu za kompyuta pia, pale penye nafasi ya "msanii", jina la kiwanda si jibu.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni la rangi.

Agosti 1950 Courier lilianza kutoa nyongeza ya katuni za rangi, na Jackie akamrudisha Torchy akiwa mtu mzima kwenye *Torchy in Heartbeats*. Ilikwenda hadi 1954. Watu wanaikumbuka kwa mapenzi yake na Daktari Paul Hammond, na kwa sehemu ya mwisho ambapo Torchy, sasa muuguzi, anapambana na kiwanda cha kemikali kinachowaletea ugonjwa watu wa mji wa Southville. Uchafuzi wa mazingira na ubaguzi, kwenye katuni ya gazeti, kabla ya hayo kuwa mazungumzo ya kila mtu. Sawa, na hayo ni muhimu. Mimi lakini jicho langu linakwenda chini ya ukurasa, kwenye kisanduku cha *Torchy Togs*.

Hao ni wanasesere wa karatasi. Torchy amesimama na nguo za ndani, amezungukwa na mavazi ya kukata kwa mkasi, kila vazi na vile vimasikio vyake vya kukunja begani na kiunoni. Na maelezo mafupi, anazungumza na msomaji kama shoga yake. Nitawaambia kitu ambacho labda mwanahistoria wa sanaa atakipita: nguo zile zinashoneka. Wachoraji wengi wa wanasesere wa karatasi huchora gauni kama pambo, halina mahali pa kuingilia wala pa kutokea. Kwa Jackie unaona mshono wa bega ulipo, kiuno kimekatwa wapi, sketi ni ya marinda au imekatwa upande ikamwagika, koti lina kola ya namna gani na linafungwa upande gani. Unaweza kuichukua michoro ile ukapiga patroni. Haishangazi: mwanamke huyu aliandaa maonyesho ya mavazi Chicago kuchangisha fedha, na mwenyewe alijulikana kwa kuvaa. Kwa binti mweusi wa 1951, kupata kwa bei ya gazeti mwanamke wa rangi yake, mwenye mwili wa mtu mzima, na nguo za kumvalisha kila wiki mpya, si jambo dogo.

Na hapo ndipo penye mtego. Kurasa zile zilikuwa za kukatwa. Zilizofanya kazi yake sawasawa ziliishia vipandevipande chini ya mito ya vitanda, na zilizobaki nzima ni zile ambazo hazikupata mtoto. Karatasi yenyewe ni ya gazeti, ina asidi, inageuka manjano na kumeguka. Kisha maktaba nyingi zikapiga magazeti kwenye maikrofilamu, yaani filamu ya picha ndogondogo, nyeusi na nyeupe ili kuokoa nafasi, na karatasi zikatupwa. Maikrofilamu inatunza maneno vizuri. Kwa *Torchy Togs* imetunza mifupa. Gauni jekundu na gauni la kijani huko ni kijivu kimoja, na ngozi ya Torchy, ambayo ilikuwa hoja yenyewe ya kuchora kwa rangi, imekuwa doa.

Kwa hiyo ombi ni hili: kila taasisi yenye nyongeza za rangi za Courier za 1950 hadi 1954, hata nakala tatu, hata zilizokatwa, izitoe kwenye masanduku, izipige picha za rangi, iziweke mtandaoni zionekane zote mahali pamoja. Msisubiri kuwa na seti kamili. Ukurasa wenye tundu la umbo la gauni mimi ningeuonyesha wa kwanza kabisa, kwa sababu unathibitisha kwamba kulikuwa na mtoto na mkasi upande wa pili. Na mkiweza, toeni za kuchapa nyumbani, watoto wakate tena.

Najua mtakayoyajibu. Mtasema haki miliki. Basi waandikieni wenye haki, barua haihitaji bajeti. Mtasema karatasi ni dhaifu, kuzigusa ni kuziua. Kutozigusa nako kunaziua, polepole, gizani, na picha ikipigwa mara moja hakuna atakayehitaji kuzigusa tena. Mtasema watu wanaomtafuta ni wachache. Hapo nakataa kabisa. Nancy Goldstein alipochapisha wasifu wake mwaka 2008 alikuwa karibu peke yake, na tangu hapo mmeona wenyewe orodha ya tuzo. Watu wapo. Wanakuja, wanakuta jina.

Sitaki mnielewe kwamba namwombea huruma. Maisha yake yalikuwa na machungu, binti yake wa pekee alifariki na uvimbe wa ubongo akiwa na miaka mitatu tu, na wapo wanaoisoma Patty-Jo yote kupitia msiba huo. Sikatai, ila nahisi wanamfupisha. Wanaume wanaochora watoto hatuwaulizi walifiwa na nani. Alipohojiwa uzeeni, mwaka wa mwisho wa maisha yake, alijieleza kama mtu aliyepinga vita na kila kitu kinachonuka, na akasema hakuwahi kuwapenda wanawake wa kuotaota wasioweza kujisimamia. Huyo si mtu wa kubembelezwa. Ugonjwa wa viungo ulipomnyang'anya uwezo wa kuchora, alikusanya wanasesere wa kale, kama 150, akijua vizuri thamani ya kitu kilichotunzwa. Alikuwemo hata kwenye bodi ya kwanza ya makumbusho ya DuSable, ya historia ya weusi, hapa Chicago. Kwa maneno mengine, alikuwa mwenzenu kazini.

Naomba mnijibu mambo mawili kwa maandishi. Kwanza, ni nyongeza zipi za rangi mnazo, kwa tarehe. Mkikosa muda anzeni na 1953 na 1954, miaka ya Southville, ili habari hiyo isomeke yote kwa mfululizo. Pili, kama mnaye Patty-Jo kwenye kabati au ghalani, kibandiko chake kwa sasa kinasemaje. Majibu nitayaweka hadharani jinsi yatakavyokuja, pamoja na majina ya taasisi zitakazokaa kimya hadi mwisho wa mwaka wa shule. Walimu wetu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi wameshasema watachapa *Torchy Togs* siku ileile zitakapopatikana, na mikasi ninayo mimi.

Wenu,
Fundi cherehani na mama wa watoto wawili, Chicago